Namba Haisemi Peke Yake: Ujirani wa Wanakemia na Wachimbaji wa Ngara na Biharamulo

Cheti cha maabara ya madini ni karatasi fupi. Huonyesha namba ya sampuli, tarehe, njia iliyotumika kupima, na mwishoni tarakimu moja au mbili zinazotaja kiasi cha dhahabu au nikeli kilichoonekana. Hata hivyo, juu ya karatasi hiyo huamuliwa mambo mazito: duara liendelezwe au lifukiwe, mkopo utolewe au unyimwe, wanakijiji wahamishwe au wabaki, na mrabaha wa serikali uwe kiasi gani. Anayeisoma karatasi huiona namba. Haioni safari iliyoizaa namba hiyo, wala hawaoni watu walioshiriki katika safari hiyo.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni mahali pafaapo kuitazama safari hiyo. Ngara, iliyo mpakani na Rwanda na Burundi, ina kilima cha Kabanga, ambako utafutaji wa nikeli ulifanywa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Tangu hapo makampuni kadhaa yamepokezana kazi ya kuchoronga miamba yake, na mwaka 2021 Serikali iliingia mkataba uliozaa kampuni ya ubia ya Tembo Nickel. Biharamulo ni wilaya ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliuchukua na kuuendesha kwa kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Pamoja na mgodi huo wamo wachimbaji wadogo wenye maduara, makarai, makarasha na miale yao.

Katika wilaya hizi mwamba ule ule hupita mikononi mwa watu wa namna mbalimbali: mchimbaji, mjiolojia, mpimaji wa maabara, mhadhiri wa chuo kikuu, mnunuzi, na afisa madini. Kila mmoja analijua jambo ambalo mwenzake halijui. Yafaa basi kueleza kwa nini ubora wa namba iliyoandikwa katika cheti hutegemea sana kama watu hao wanafahamiana na kuzungumza, hata pale ambapo hakuna mkataba unaowalazimisha kufanya hivyo.

Kazi ya kemia changanuzi

Kemia changanuzi ni tawi la kemia linalojibu maswali mawili: kitu hiki kina nini ndani yake, na kina kiasi gani? Elimu hiyo hiyo hupima sukari katika damu, madini ya floraidi katika maji ya kisima, na nguvu ya dawa katika kidonge. Katika miamba ya dhahabu njia inayoaminiwa zaidi ni ya kuyeyusha kwa moto, na asili yake ni ya kale kuliko maabara zote zilizopo leo.

Mwamba husagwa hadi uwe laini kama poda. Hupimwa gramu 30 au 50, zikachanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi, na unga kidogo wa ngano. Mchanganyiko huo huwekwa katika chungu na kuyeyushwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi. Unga, uwezao kupikiwa chapati, hapa hufanya kazi ya kikemia: huigeuza sehemu ya oksidi ya risasi kuwa risasi yenyewe. Matone ya risasi, yakishuka ndani ya myeyuko, huizoa dhahabu na kukusanyika chini. Kisha risasi huwekwa katika kikombe cha majivu ya mifupa au cha magnesia, ambacho huinyonya risasi ikiwa moto na kubakiza kitone kidogo cha dhahabu na fedha. Kitone hicho huyeyushwa kwa asidi, na dhahabu iliyomo hupimwa kwa mtambo unaosoma jinsi atomu zinavyofyonza mwanga.

Mtu aweza kudhani kwamba aliye na tanuru, kemikali na mtambo hana haja ya kumwuliza mwenziwe kitu. Lakini tuangalie unga tu. Miamba mingine ya dhahabu ina salfaidi nyingi, na salfaidi hufanya kazi ile ile ya unga. Mpimaji asiyejua hilo hupata donge la risasi kubwa mno na matokeo yasiyoaminika. Anayejua hupunguza unga au kuuacha kabisa, na pengine huongeza shura. Vitabu huieleza kanuni hiyo. Ila havielezi mwamba wa kilima fulani cha Biharamulo una salfaidi kiasi gani. Hilo hulijua mtu aliyekwisha kuuyeyusha mwamba huo, naye hulisema kwa sentensi moja akiulizwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika maabara kutouliza ndiko kunakogharimu.

Punje moja ya dhahabu

Mfano wa pili unahusu mchimbaji mwenyewe. Tuseme mwamba wake una gramu 5 za dhahabu katika kila tani. Kwa hesabu hiyo, pakiti ya gramu 50 inayoingia katika tanuru inatazamiwa kuwa na robo ya miligramu ya dhahabu. Sasa tuseme dhahabu ya duara hilo si vumbi, bali ni punje za mviringo zenye kipenyo cha sehemu tatu hivi za kumi za milimita, ambazo ni ndogo kuliko punje ya chumvi ya mawe. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Kwa hiyo punje moja tu ya ukubwa huo ina karibu robo ya miligramu. Yaani dhahabu yote inayotazamiwa katika pakiti nzima imo ndani ya punje moja.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Pakiti iliyobahatika kupata punje moja itaonyesha gramu 5 au zaidi kidogo kwa tani. Iliyopata punje mbili itaonyesha kama gramu 11. Isiyopata kitu itaonyesha sifuri. Nadharia ya bahati huonyesha kwamba, kama punje ziko huru na zimetapakaa ovyo, zaidi ya theluthi moja ya pakiti zitakosa punje kabisa. Maabara tatu zaweza kupima mwamba huo huo, zote zikafanya kazi kwa uaminifu, na bado zikatoa majibu matatu yasiyofanana. Mchimbaji atasema ameibiwa, mnunuzi atasema amedanganywa, na mpimaji atasema mtambo wake ni mzima. Hakuna kati yao aliyesema uongo.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Huchukuliwa sampuli kubwa zaidi, mathalani kilo moja, ikasagwa na kuchekechwa kwa chekecheo lenye matundu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Chembe kubwa zilizobaki juu ya chekecheo hupimwa zote, na unga uliopita hupimwa mara mbili au tatu. Kisha majibu hujumlishwa kwa uzito wake. Njia hii ni ghali na huchukua muda, kwa hiyo maabara haiitumii bila sababu.

Ni nani basi mwenye kuijua sababu? Ni mchimbaji. Yeye huoga mwamba wake katika karai kila siku, akaziona punje zikibaki pembeni mwa maji. Anajua kama dhahabu ya duara lake ni ya punje au ni ya vumbi. Lakini fomu ya kupokelea sampuli aghalabu huuliza jina, namba ya leseni na madini yanayotakiwa kupimwa. Haiulizi nini kimeonekana katika karai. Habari hiyo ndogo ikifika kwa mpimaji kwa njia ya mazungumzo mlangoni au kwa simu, njia ya kupima hubadilika, na namba hubadilika pamoja nayo. Isipofika, hakuna mtambo wa bei yoyote uwezao kufidia.

Nikeli ipi?

Huko Kabanga swali ni la namna nyingine. Nikeli yenye thamani imo hasa katika madini ya pentilanditi, ambayo ni salfaidi ya nikeli na chuma, iliyochanganyikana na pirotiti kwa wingi. Lakini sehemu ya nikeli huweza pia kuwamo ndani ya olivini na silikati nyingine za mwamba wenyewe. Nikeli ya salfaidi yaweza kutenganishwa kiwandani kwa kuelea katika povu. Ile iliyofungwa ndani ya silikati haipatikani kwa njia hiyo.

Mpimaji akiuyeyusha mwamba kwa asidi nne kali au kwa soda ya peroksidi, ataipata nikeli yote. Akitumia njia dhaifu inayogusa salfaidi zaidi kuliko silikati, atapata namba ndogo. Zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali mawili tofauti. Mhandisi wa kiwanda akipewa namba ya kwanza akaidhania ni ya pili, atapanga mapato ambayo mwamba hautayatoa. Hapana budi mwenye kuuliza na mwenye kupima waafikiane kuhusu swali kabla ya kuwasha mitambo, na maafikiano hayo mara nyingi huanzia katika maongezi ya kawaida, kabla ya kuingia katika waraka.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa shambani hulijua mapema kuliko mtu wa maabara. Pirotiti haivumilii hewa na unyevu. Sampuli yake iliyosagwa na kuachwa katika mfuko wazi huanza kuota kutu, salfaidi zikageuka salfati, na hata uzito wake ukabadilika. Fundi anayetunza mawe yaliyochorongwa huyaona yakibadilika rangi wiki hadi wiki. Akimwambia mkemia kwamba sampuli fulani zilikaa ghalani msimu mzima wa masika, amempa onyo ambalo halimo katika orodha yoyote.

Zebaki na faida ya kuuliza watu

Mfano ulio wazi zaidi wa ujirani wa kitaaluma katika kanda hii unahusu zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukamatishia dhahabu: zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa, ikashikamana na dhahabu, na donge linalopatikana huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ikawa mvuke usio na rangi wala harufu. Anayeuvuta huumia polepole katika ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mvuke unaoanguka mitoni huweza kugeuzwa na vijidudu kuwa zebaki ya methili, ambayo hujilimbikiza katika samaki. Hiyo ndiyo sumu iliyowaangamiza watu wa mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Katika miaka ya 1990 Justinian Ikingura, mjiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na Hirokatsu Akagi, mkemia wa Taasisi ya Taifa ya Ugonjwa wa Minamata. Mmoja aliijua nchi na migodi yake. Mwingine aliijua njia ya kuipima zebaki, na kuitenga ile ya methili na nyingine, katika nywele na samaki. Mwaka 1996 walichapisha matokeo yao kuhusu samaki na watu wa maeneo ya dhahabu ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2002 walionyesha kwamba viumbe vya kijivu viotavyo juu ya magome ya miti, ambavyo ni muungano wa kuvu na mwani, vyaweza kuwa shahidi mzuri wa zebaki iliyomo hewani karibu na miale. Kwa njia hiyo gome la mti hufanya sehemu ya kazi ya mtambo wa kupimia hewa.

Somo kubwa zaidi lilitoka katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Masazumi Harada, daktari aliyejulikana kwa kazi yake Minamata, pamoja na wenzake. Baadhi ya watu wa kanda ya ziwa walionekana kuwa na zebaki nyingi katika nywele zao ingawa hawakuwa wachimbaji. Mtambo ulitoa namba, wala haukuweza kueleza ilitoka wapi. Jibu lililotajwa lilikuwa sabuni zenye zebaki zilizotumiwa kung'arisha ngozi. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa kuongeza ukali wa mtambo. Hupatikana kwa kuwauliza watu wanaogea nini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kuutekeleza katika wilaya kama Biharamulo kunahitaji vipimo vingi, na kila kipimo kinahitaji mtu wa kumwambia mkemia mahali panapochomwa zebaki, saa zake, na mahali marudio yanapopelekwa. Hili la mwisho ni la hatari ya pekee. Marudio yaliyokwisha kupitiwa na zebaki huuzwa ili yaloweshwe katika matangi ya sianidi, na sianidi huiyeyusha zebaki iliyobaki na kuisafirisha pamoja na maji. Mwendeshaji wa tangi anayejua marudio yake yametoka mwalo gani anayo nusu ya uchunguzi mkononi.

Mitandao yenye majina na isiyo na majina

Haja ya wanakemia kukutana imetambuliwa zamani. Mwaka 1977 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilianzisha kituo cha pamoja cha madini, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la SEAMIC, chenye maabara zake Kunduchi, Dar es Salaam. Mwaka 2003 mtandao wa wanakemia wachanganuzi wa kusini na mashariki mwa Afrika, SEANAC, ulifanya mkutano wake wa kwanza mjini Gaborone, Botswana. Dodoma kuna maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Mwanza kuna ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vyombo hivi vina kazi ambazo mazungumzo ya watu wawili hayawezi kuzifanya: kutoa mafunzo, kutunza viwango, na kulinganisha maabara moja na nyingine kwa kuzipa zote sampuli moja.

Ila vyombo hivyo viko mbali na duara. Sampuli itokayo Biharamulo kwenda Mwanza hupita Geita na Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa saa za kungoja kivuko, lakini halikuondoa umbali uliopo kati ya mtu anayepima na mtu anayechimba. Umbali huo hupunguzwa na mambo madogo. Mpimaji huenda mwaloni siku moja akatazama jinsi sampuli inavyochotwa. Mhadhiri, badala ya kuchukua mawe na kutoweka nayo, hurudi kueleza alichokiona. Fundi wa mgodi mmoja hampigii simu mkurugenzi wa mgodi wa pili. Humpigia fundi mwenziwe waliyesoma pamoja, akamwuliza kwa nini vikombe vyake vinapasuka. Mambo haya hayana bajeti wala katibu, na ndiyo maana huwa rahisi kuyadharau.

Mipaka ya urafiki

Haifai kusifu ujirani bila kutaja hatari zake. Mpimaji aliyezoeana mno na mwenye sampuli aweza, hata bila kukusudia, kuitazamia namba fulani na kurudia kipimo mpaka aipate. Hali kadhalika, habari za mteja mmoja zaweza kuvuja kwa mshindani wake kwa jina la maongezi. Kwa hiyo wataalamu hufuata kanuni moja: wazungumze kwa uhuru kuhusu njia, lakini wapime bila kujua. Katika kila kundi la sampuli huingizwa kwa siri sampuli za kiwango ambazo kiasi chake kinajulikana, sampuli tupu zisizo na madini, na nakala za sampuli zilizokwisha kupimwa. Mpimaji hapaswi kujua ni zipi.

Katika biashara ya madini yenye thamani kubwa, desturi ni kugawa sampuli mafungu matatu mbele ya pande zote: fungu la muuzaji, fungu la mnunuzi, na fungu la tatu linalofungwa kwa lakiri kwa ajili ya maabara ya usuluhishi. Taifa lilijifunza uzito wa jambo hili mwaka 2017, wakati kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilipopima makinikia yaliyozuiwa Dar es Salaam, na namba zake zikatofautiana mara kadhaa na zile za kampuni. Mzozo huo ulimalizwa kwa mazungumzo. Bila kuzirudia hoja za upande wowote, inatosha kusema kwamba ni nafuu kuafikiana juu ya namna ya kuchota sampuli kabla ya kupima kuliko kubishana juu ya namba baada ya kupima.

Yanayoweza kufanywa bila fedha

Mambo machache yaweza kufanywa Ngara na Biharamulo bila kungoja mtambo mpya. Mchimbaji apelekapo sampuli, aandike pembeni ya fomu alichokiona katika karai, mwamba ulitoka kina gani, na kama umewahi kuguswa na zebaki. Mpimaji aliyeona jambo lisilo la kawaida katika chungu chake aliandike nyuma ya cheti, hata kama halikuulizwa. Mtafiti wa chuo aliyechukua nywele, maji au mawe ya watu arudi na majibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Na kila aliyepata ushauri kwa mdomo auandike katika daftari la maabara pamoja na tarehe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi ni mali. Fundi mzoefu akistaafu bila kuandika, mrithi wake ataanza tena kupasua vikombe.

Mchimbaji mwenye punje zake katika karai na mkemia mwenye kitone chake katika kikombe wanaitazama dhahabu ile ile. Namba iliyo sahihi hupatikana pale kila mmoja anapomweleza mwenziwe alichokiona.